Jua la Kukodi

Habari hii nilipewa na Paskazia wa Mkolani, mwaka ule wa mvua kubwa zilizoangusha vyoo vya watu, tulipofungiwa ndani kwangu na sinia la mchele wa kuchambua. Paskazia ni mdogo wake Bernadeta, na Bernadeta ndiye mwenye ng'ombe. Nasema mwenye ng'ombe, ingawa mumewe akisikia atanuna. Na anune.

Obedi alikuwa mtu wa mjini, mtaa wa Pasiansi, na kazi yake ilikuwa mdomo. Wakati ule soko lilikuwa limefunguliwa, imetangazwa kwamba kila mtu auze alichonacho, na Obedi alipojikagua akakuta hana kitu ila mdomo, basi akauza huo. Aliuza viwanja ambavyo masika vilikuwa ziwa. Aliuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa la kukaanga, kwa sababu alisema mtu mwenye mikono wazi haaminiki, na viatu vyekundu vya ncha kali ambavyo alivipangusa kwa mate kila aliposimama. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni karani wa benki. Ukimkaribia, umeshaliwa.

Siku hiyo alikuwa Mirongo, pale penye mafundi seremala, anatafuna muwa ambao alikuwa bado hajaulipia. Ukapita mkokoteni umebeba kabati jipya, na kwenye mlango wa kabati kuna kioo cha mraba, upana wake kama sinia. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, kioo kilitikisika, na jua likaruka ukutani ng'ambo ya barabara: doa jeupe, kali, lenye kona zake nne. Likampita muuza nyanya. Likampita mwanamume aliyekuwa ananyolewa, nusura kinyozi amkate sikio. Na kila lilipompita mtu, mtu yule aligeuza kichwa.

Obedi akaacha kutafuna.

"Wanageuka," akasema.

"Akina nani?" akauliza mama mwenye miwa.

"Wote. Umeona? Hakuna hata mmoja aliyekaza shingo."

"Nimeona. Lipa muwa wangu."

"Mama, mimi nakuonyesha njia ya utajiri, wewe unanirudisha kwenye muwa!"

"Huo muwa ndio ulio tumboni mwako. Utajiri siuoni."

Ni kweli watu waligeuka. Lakini wajanja wana ugonjwa wao, wanaona upesi mno. Obedi aliona kwamba watu wanageuka, hakuangalia wanageukia wapi. Angeangalia angejua kwamba hakuna aliyejali doa la ukutani. Wote walikuwa wanatazama kule linakotoka, kwenye kioo. Hilo liweke pembeni, kama unavyoweka chumvi. Litahitajika.

Akamfuata mwenye kabati, fundi Odoyo, mtu wa Mara, mpole, anayependa heshima kuliko chakula.

"Fundi, kuna mheshimiwa anajenga nyumba ya wageni. Anataka makabati kama hili, vyumba vyote. Sasa hataki kusikia, anataka kuona. Nipe mlango huu nikamwonyeshe."

"Mlango mzima?" fundi akashtuka. "Nikishakupa mlango nabaki na nini?"

"Umesema kweli. Basi nipe kioo tu, na mlango ubaki nao wewe, uwe dhamana yangu."

Fundi Odoyo akafikiri, akaona ni haki. Akang'oa kioo, akakifunga katika blanketi, akamkabidhi. Akabaki ameshika mlango wake mwenyewe kama dhamana ya mali yake mwenyewe. Paskazia anasema mpaka leo anao.

Sasa kioo kipo, kichwa cha kugeuzwa kipo wapi? Hapo ndipo Obedi alipokumbuka kwamba ni msimu wa ngoma.

Kwetu mavuno yakishaingia ndani, Bagika na Bagalu wanatafutana. Ni vyama viwili vya ngoma, na ushindani wao ni wa tangu mababu. Wanacheza uwanja mmoja wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na hakuna refa wa filimbi. Refa ni watazamaji. Mtu anasimama anapopenda, akichoka anahamia upande wa pili. Ngoma iliyovuta watu imeshinda, iliyobaki na mbwa wake imeshindwa, kwaheri. Ndiyo maana kila manju, yule kiongozi wa nyimbo, huwa na dawa ya kuvuta watu. Manju mwenye akili ana dawa moja. Asiye na akili anazo tatu na anatafuta ya nne.

Chenge wa Mkolani, mume wa Bernadeta na manju wa Bagika, alikuwa anatafuta ya nne. Mwaka uliotangulia Machibya, manju wa Bagalu, alimnyang'anya watu wote, Chenge akamaliza jioni anaimbia mbuzi. Na mbuzi wenyewe walikuwa wa Machibya.

Obedi akafika kwa baiskeli, kioo mgongoni.

"Shikamoo, mzee Chenge!"

"Marahaba," akajibu Chenge, akanyoosha mgongo. Umri wao ulikuwa mmoja, pengine Obedi ndiye mkubwa. Lakini mtu anayepokea shikamoo isiyo yake ameshanunuliwa nusu. Iliyobaki ni usafiri.

"Mzee, nimetumwa na sifa zako. Nilipokuwa Geita wanakutaja. Nilipovuka Sengerema wanakutaja."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ana sauti, ana mguu, ana maneno. Amekosa nuru tu."

Chenge akamtazama mkewe, kama kusema, umesikia? Bernadeta alikuwa anapepeta mtama, akaendelea kupepeta.

Obedi akamsimamisha Chenge kwenye kivuli cha ghala, yeye akarudi hatua chache juani, akafunua blanketi. Doa likamkaa Chenge kifuani: jeupe, la kuchoma macho, lina kona kama leso iliyopigwa pasi. Chenge akainamisha kichwa akakitazama kifua chake kama mtu aliyevishwa nishani. Akasogea kulia, doa likamfuata. Akacheza kidogo, doa likacheza naye.

"Siku ya ngoma mimi nitakuwa juu ya jiwe lile," akasema Obedi, akionyesha jabali kubwa la upande wa mashariki, mbali ng'ambo ya mashamba. "Jua la jioni linanipiga mimi, mimi nakupiga wewe. Nani atamtazama Machibya?"

"Na litanifikia hivi hivi kutoka kule?"

"Mzee, jua limetoka wapi?"

"Mbinguni."

"Kutoka mbinguni mpaka hapa limechoka?"

"Halijachoka."

"Basi litachokea kati ya jiwe na uwanja?"

Chenge akacheka, akajionea aibu kwa swali lake la kitoto. Mimi shule yangu ni ndogo, swali kama hilo nisingeweza kulijibu. Ila najua kwamba ukimwuliza mtu swali akakujibu kwa swali, shika mfuko wako.

Bernadeta akaweka ungo chini.

"Shemeji, hebu rudi nyuma. Nenda kule kwenye zizi, ng'ambo ya mihogo, utupige kutoka kule. Mpige hapa hapa alipo, kivulini."

"Shemeji, dawa haijaribiwi mara mbili."

"Si dawa, ni kioo. Nenda tu, mihogo haing'ati."

Akaenda, angefanyaje? Akaelekeza kioo. Doa likaja, lakini si lile lililoondoka. Lilikuwa limevimba. Kona zote zimekwisha, limekuwa mviringo, limemfunika Chenge kuanzia shingoni mpaka magotini, na limepauka kama uji uliofikiwa na wageni.

"Limekuwa kubwa!" akashangilia Chenge.

"Limekuwa kubwa na limekuwa hafifu," akasema Bernadeta. "Kijiko kimoja cha mafuta, ukimpaka mtoto mmoja anang'aa. Ukiwapaka darasa zima, wote wanabaki na ukurutu. Na kutoka zizini mpaka jiweni bado kuna safari."

Obedi alikuwa amerudi anahema. "Shemeji, hiyo ndiyo baraka, inaenea! Na mmeona limekuwa mviringo? Kioo kina pembe nne, doa limetoa wapi mviringo? Hiyo ni sura ya jua lenyewe, limemkubali mzee."

Ajabu ya Mungu, hapo hakudanganya. Paskazia ana mpwa aliyesomea mambo hayo, anasema kweli lile doa la mbali ni picha ya jua, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo linavyotanuka na kufifia. Obedi alisema ukweli bila kukusudia, na kama kawaida ya mtu wa namna yake, aliutumia kuuzia uongo.

"Mwanamke, unajua nini habari za jua?" akasema Chenge.

"Ninalianikia mihogo kila siku. Wewe ndiye unalikimbia kivulini."

Maneno hayakusaidia. Chenge alikuwa ameshaonja ile nishani. Bei ilikuwa maksai aliyeitwa Bwana Shamba, na ushindi ukipatikana, mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, juu yake. Maksai yule walimwita hivyo kwa sababu alikuwa anatembea taratibu huku akitazama mashamba ya wengine. Lakini alivuta jembe. Yeye na mwenzake ndio plau nzima ya nyumba ile. Ukimtoa mmoja, aliyebaki ni nyama inayosubiri Krismasi, na mvua zikianza Bernadeta na binti zake wanarudi kwenye jembe la mkono, kuinama toka alfajiri hadi usiku. Bernadeta aliyasema hayo yote. Chenge akamwambia mwanamume hupanga mbele. Sijui mbele ya nini.

"Sasa sharti," akasema Obedi, sauti ameishusha kama padri kwenye maungamo. "Usimwambie mtu umenipa nini, wala kwa ajili gani. Si leo, si kesho, si mbele ya nani. Ukifungua mdomo, watakaokuja kukutazama ukicheza ni mbwa peke yao, mpaka unazikwa."

"Mbwa?"

"Mbwa tu. Na watakuwa wanapiga miayo."

Chenge akaapa kwa kaburi la babu yake, na Bernadeta pale kwenye ungo wake akasikia kila neno.

Kutoka hapo Obedi akapanda baiskeli akaenda moja kwa moja kwa Machibya. Nako shikamoo, nako Geita na Sengerema, nako kivuli na doa la kona nne, nako mbwa wa kupiga miayo. Machibya hakuwa na mke wa kumpeleka mtu zizini, au alikuwa naye na alimfukuza ili yeye mwenyewe asikie vizuri. Akatoa dume jekundu, na mtamba akaahidiwa.

Ukimwuliza Obedi angekwambia hesabu yake ni safi. Katika ngoma mbili, moja lazima ishinde. Atakayeshinda atasema dawa imefanya kazi, ataleta mtamba. Atakayeshindwa ataambiwa umetoboa siri wewe, angalia mbwa wako. Mtu angeweza kuondoka na ng'ombe wawili asubuhi na mapema akawauza Buhongwa kabla ya chai. Lakini yule mtamba! Tamaa haina kitanda, hailali. Obedi akasema atakaa mpaka jioni.

Siku ikafika. Watu walitoka Nyegezi, walitoka Buhongwa, wanawake na khanga mpya, wanaume na baiskeli, wachoma mihogo kila kona. Bwana Shamba na lile dume jekundu walikuwa wamefungwa vichakani nyuma ya jabali tangu asubuhi, kila mmoja ameletwa kwa njia yake. Na Obedi yuko juu, shati limefungwa mpaka kooni, kioo mapajani.

Jua lilipoanza kuinamia ziwani ngoma zikaanza. Chenge alikuwa na manyoya ya mbuni kichwani na jembe mkononi. Siku nyingine angalirusha lile jembe likapindukia juu akalidaka mgongoni. Siku hiyo hakurusha kitu. Alikuwa anatazama kifua chake. Anapiga hatua, anatazama kifua. Anaimba mstari, anatazama kifua. Ng'ambo kule Machibya naye kidevu kimezama shingoni, anasubiri nuru. Manju wawili wakubwa wa nchi nzima wanacheza kama kuku wanaotafuta utitiri. Na wachezaji wao, kwa kuwa manju hafanyi kitu bure, wakadhani ndiyo mtindo mpya kutoka mjini, nao wakainamisha vichwa. Ukaona safu mbili za watu wazima, kila mtu anatazama kitovu chake.

"Wamepoteza nini hawa?" akauliza bibi mmoja.

"Labda vifungo," akajibu Bernadeta.

Juu ya jiwe Obedi alikuwa anapata taabu. Alielekeza kioo uwanjani, akatafuta doa lake. Hakuna. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akakipulizia pumzi, akaelekeza tena. Hakuna. Lilikuwepo, jamani. Lilikuwa limetanuka likawa kubwa kama nyumba ya msonge, jembamba kama mvuke, limeanguka juu ya watu waliokuwa tayari wamesimama kwenye jua zima la Mungu. Nani aone kibatari mbele ya moto wa nyika? Kule kivulini kwa Chenge lilikuwa mfalme. Hapa lilikuwa mtu wa kawaida kwenye umati.

Basi Obedi akaanza kulitafuta. Anapeleka kioo kushoto, anarudisha kulia, juu kidogo, chini kidogo, kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani. Kwa hiyo lile doa lisiloonekana likapita uwanja mzima, likamgusa kila mtu aliyekuwepo. Na kila liliyemgusa akiwa ameinua uso, aliona nini? Aliona juu ya jabali, mahali pasipo na kitu tangu dunia iumbwe, jua la pili linawaka, linapepesa, linamwita yeye.

"Jiwe linawaka moto!" akapiga yowe yule bibi.

Vichwa vikageuka. Wengine wakasema ni Bikira Maria, wakapiga ishara ya msalaba. Wengine wakasema ni dhahabu imejitokeza, maana wakati ule kila kokoto ilikuwa inadhaniwa dhahabu. Lakini wengi walidhani ni kampuni ya sabuni imekuja kutangaza biashara na inagawa bure, na hao ndio waliotoka mbio.

Obedi aliona watu wanamwacha Chenge. Akasema moyoni, vizuri, Machibya ameshinda, mtamba wa Machibya ni mkubwa. Mara akaona wanamwacha Machibya. Akasema, haa, Chenge amewageuza. Halafu akaona hawaendi kwa yeyote. Wanazidi kuwa wakubwa. Akaanza kuona rangi za khanga. Akaanza kuona meno.

Akaruka upande wa nyuma kuwafuata ng'ombe wake, viatu vya ncha vinateleza kwenye jabali, akafika chini amekaa. Angeweza kupita vichakani akapotea. Lakini Bernadeta alikuwa mbele ya umati, na alipofika chini ya jiwe alisema kwa sauti tu, "Mwenyezi, watu hawa wanakwenda wapi?" Bwana Shamba akamsikia. Ng'ombe wa plau anaijua sauti ya anayempa chumvi. Akalia, huuuu, kilio kirefu cha mtu aliyeonewa.

Kati ya waliokuja alikuwepo Shimba, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mzee mkavu mwenye rungu na maneno machache. Sungusungu na mwizi wa ng'ombe, hiyo si habari ya kuchekea. Shimba akatazama ng'ombe wawili waliofungwa vichakani, akamtazama mtu wa mjini anayepangusa suruali.

"Shikamoo, kamanda," akasema Obedi.

"Ng'ombe hawa ni wako?"

Hapo kwa mara ya kwanza mdomo wa Obedi ulichelewa kazini. "Ni wangu. Yaani nimepewa."

"Kibali cha kuwasafirisha?"

"Bado, kamanda. Lakini wenyewe hawa hapa. Waulize. Mzee Chenge, mwambie!"

Chenge alikuwa amefika, manyoya upande, jasho linamtiririka. Macho yake na ya Obedi yakakutana. Akafungua mdomo. Na Bernadeta, ambaye Paskazia anasema alikuwa amesimama kama mtu anayesali, akainama sikioni kwa mumewe akamnong'oneza neno moja tu.

"Mbwa."

Chenge akafunga mdomo.

"Maksai huyu ni wako?" Shimba akamwuliza.

"Ni wangu."

"Ulimwuzia huyu?"

"Sikumwuzia."

"Ulimpa?"

"Mimi? Nimpe kwa ajili gani?"

"Amefikaje hapa?"

Chenge akafikiri sana. "Ana miguu," akasema.

"Mzee wangu!" Obedi akalia. "Siri imekwisha, sema tu! Nakufungulia kiapo mwenyewe!"

Chenge akamkonyeza. Alimkonyeza kwa upendo, kama askari anayemwambia jemadari wake usihofu, hata wanikate vidole. Alidhani anapimwa.

"Huyu mtu simjui kabisa," akasema Chenge.

Obedi akamgeukia Machibya kama anayezama anavyogeukia nyasi. "Mzee Machibya, wewe una akili. Sema, dume jekundu ulinipa au hukunipa?"

Machibya hakujua kwamba mwenzake naye aliapa. Aliangalia huku na huku, na kwa bahati mbaya kulikuwa na mbwa kwenye umati, mbwa wa mchoma mihogo, na mbwa yule akapiga miayo.

"Sijampa mtu kitu!" akapaza sauti Machibya. "Tangu nizaliwe sijampa mtu kitu!" Na watu wa Mkolani wakaitikia kwa kichwa, maana hilo lilikuwa linajulikana.

Sungusungu walikuwa wameanza kusogea. Obedi akapiga magoti, shati la mikono mirefu limeloa, na mdomo ule uliouza ziwa sasa ulikuwa unatafuta herufi. Hapo Bernadeta akasema tena. Hakuwa mtu wa kutaka damu. Alikuwa ameshashika kamba ya Bwana Shamba, na mtu aliyeshika ng'ombe wake huwa na huruma ya kugawa.

"Kamanda, ng'ombe wameonekana, wazima. Lakini mimi nilikuja kutazama ngoma. Nani ameshinda?"

Shimba akakuna kidevu. "Wanaoamua ni watu. Watu wako wapi?"

Wakatazamana. Uwanja kule chini ulikuwa mtupu, vumbi linatua. Watu wote walikuwa hapa.

"Basi mshindi ni huyu," akasema Shimba, uso haujacheka hata kidogo. "Amewavuta wote, Bagika na Bagalu. Haijapata kutokea. Mpeni jembe acheze mpaka jua lizame. Au hapendi? Kama hapendi, tuna baraza letu, twende tukazungumze habari za ng'ombe."

Obedi akapenda. Wakampandisha juu ya jabali, wakampa jembe la Chenge na manyoya ya Machibya, ngoma zote mbili zikampigia. Hakujua kucheza. Viatu vya ncha havikuumbwa kwa mwamba. Alirusha jembe likamrudia begani, akaruka likamfuata mguuni, na kila aliposimama kuvuta pumzi Shimba aliuliza kwa upole, "Tuzungumze habari za ng'ombe?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Waliosema ni kampuni ya sabuni walisema hata kama haigawi kitu, imejua kuburudisha. Katikati ya vumbi Chenge alijipenyeza karibu akamnong'oneza, "Sijasema kitu." Baadaye kidogo akaja Machibya, "Sijasema."

Jua lilipoingia ziwani wakamwacha. Baiskeli ilibaki kwa sungusungu, iwasaidie kufuata nyayo za ng'ombe. Kioo kilikwenda na Bernadeta. Obedi aliketi akiegemea jabali, ambalo lilikuwa bado na joto la mchana, avue kwanza kiatu kimoja ndipo afikirie atafikaje Pasiansi. Kiatu hakikutoka, mguu ulikuwa umevimba. Akalala hapo hapo, mdomo wazi, kama duka lililosahauliwa kufungwa.

Nyumbani Chenge alikula ugali wote.

"Umeona nguvu ya ile dawa?" alisema. "Nchi nzima imekwenda! Kilichokosewa ni mahali tu. Mwakani mimi nacheza jiweni, kioo kinakaa uwanjani."

"Sawa, baba."

"Na siri nimeitunza."

"Umeitunza."

"Mbwa hawa..." akasema Chenge, na sentensi ikaishia hapo, akakoroma.

Bernadeta akatoka akamtupia Bwana Shamba mabua ya mahindi, akakagua fundo la kamba, akakagua tena. Aliporudi ndani akakigeuzia ukutani kile kioo, akakifunika na khanga ya zamani, kisije kikaamka alfajiri kikaita watu. Akamsukuma mumewe upande wake, akajinyoosha, akalala.